Shajara ya ramani ya Earthsea: nakala moja ya kitabu, chumba kizima cha wasikilizaji, Bukavu

13 Januari 2024. Tunachokusudia

Kitabu ni *The Farthest Shore* cha Ursula K. Le Guin, na hadithi yake iko Earthsea, dunia ya visiwa aliyoibuni mwenyewe. Kilitoka mwaka 1972, na mwaka 1973 kikapata tuzo ya National Book Award huko Marekani, upande wa vitabu vya watoto. Sisi tunacho kwa Kifaransa, *L'Ultime Rivage*, nakala moja tu ambayo shangazi yangu aliitoa Brussels ikiwa tayari imechakaa. Wanaokuja kusikiliza ni vijana wa sekondari: wengi wa Ibanda na Panzi, wachache wanatoka mbali, Bagira. Pesa ya kumnunulia kila mmoja nakala yake hatuna. Kufotokopi kitabu kizima hatutaki, maana mwandishi alifariki Januari 2018 lakini kazi yake bado ina wenyewe. Basi mmoja atasoma kwa sauti, wengine watategesha masikio, na kila sura ikiisha tutaizungumza kwa Kiswahili.

Kuna vikwazo viwili. Hiki ni kitabu cha tatu katika mfululizo: cha kwanza ni *A Wizard of Earthsea* cha 1968, cha pili *The Tombs of Atuan* cha 1971. Baada ya hiki vikaja *Tehanu* mwaka 1990, kisha *Tales from Earthsea* na *The Other Wind*, vyote viwili 2001. Tunarukia mashua ikiwa imeshaondoka ufukweni. Kikwazo cha pili ndicho kilichoanzisha shajara hii: hadithi nzima ni safari ya kutoka kisiwa hadi kisiwa, na ramani iko ndani ya kitabu. Msomaji anaiona, wasikilizaji hawaioni. Tutatengeneza ya ukutani, kubwa, inayoweza kukunjwa na kubebwa kwenye pikipiki.

Naandika gharama kwa ajili ya atakayetaka kuiga. Dola moja tunaihesabu kwa franka 2,700.

3 Februari 2024. Uji wa muhogo

Ramani ya kwanza imekufa, na nitaeleza ilivyokufa kwa sababu wengi wataanza njia hiyohiyo.

Tulinunua amerikani nyeupe soko la Kadutu, dola 6. Ili kitambaa kisinywe rangi nyingi tukakipaka uji mwepesi wa unga wa muhogo, kama wanavyofanya baadhi ya wachora mabango. Kwa bango la sherehe linalotundikwa leo na kushushwa kesho, njia hiyo haina ubaya. Kwa kitu kitakachokaa miezi kwenye chumba chenye unyevu, wakati wa mvua, ni kuwaandalia wadudu karamu. Kwanza yalitokea madoa ya ukungu. Mende wakafuata. Mwisho panya akala pembe yote ya kaskazini, pale tulipokuwa tumechora kisiwa cha Enlad kwa penseli. Enlad ndiko anakotoka Arren, mwanamfalme wa hadithi hii, kwa hiyo vijana wakasema mrithi wa kiti ameliwa kabla ya sura ya kwanza.

Tulikata sehemu iliyoharibika, tukafua iliyobaki, tukaipaka gundi nyeupe ya mbao: kipimo kimoja cha gundi kwa vitatu vya maji. Hiyo ilifaa, mende hawakurudi. Lakini hapo ndipo rangi ilipotushinda. Earthsea ni bahari kuliko nchi kavu. Ndoo ya kilo 4 ya rangi ya maji ya buluu, dola 9, ilikwisha bahari ikiwa nusu, na tulipokunja kitambaa rangi ikapasuka kwenye kila mkunjo. Ongeza brashi za dola 2. Jumla ya hasara: dola 17.

24 Februari 2024. Buluu inauzwa tayari

Aliyetuokoa ni mama mmoja fundi cherehani, upande wa Nyawera, anayeshona sare za shule. Tulimpelekea kile kitambaa ashone pindo labda kitapona. Akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akacheka.

"Mwalimu, munapaka buluu juu ya nyeupe kwa nini? Buluu inauzwa tayari."

Shati jeupe, sketi au suruali ya buluu: nchi nzima inavaa hivyo kwenda shule, na sisi tulikuwa tunahangaika kutengeneza rangi ambayo kila mtoto chumbani alikuwa ameivaa. Tulinunua mita 2 za kitambaa cha buluu cha sare, upana wa mita 1 na nusu, dola 6. Visiwa tulivikata kwenye vipande vyeupe vya mashati vilivyobaki chini ya cherehani yake. Vipande hakutaka kuviuza. Tulimpelekea kilo moja ya sukari, akaipokea baada ya kubishana kidogo.

Kukuza ramani ni kazi rahisi ukiwa na subira. Hatukuandika juu ya ukurasa. Tulifunga nyuzi nyembamba kukizunguka kitabu kilichofunguliwa, wima na mlalo, zikapatikana miraba ya sentimita 1. Kila mraba mmoja ukawa wa sentimita 15 kwenye kitambaa, kwa chaki. Umbo la kila kisiwa lilichorwa kwanza kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, likakatwa, ndipo likawekwa juu ya kitambaa cheupe. Karatasi hiyo ni ngumu, haichaniki, na mfuko ukishakung'utwa ni bure.

Penye tabu ni katikati. Ramani yetu imeenea kurasa mbili, na mshono wa kitabu unameza visiwa vilivyo kwenye mkunjo. Ukipima moja kwa moja kutoka kushoto kwenda kulia, nusu ya mashariki yote inasogea na kisiwa cha Gont kinakuwa mahali pasipo pake. Dawa yake: pima kutoka ukingo wa nje wa kila ukurasa kuelekea mshononi, acha pengo la nusu sentimita katikati, kisha unganisha mistari ya pwani kwa jicho. Roke, kisiwa cha shule ya wachawi, tulikiweka mwisho kabisa, kusini ya kisiwa cha Havnor, baada ya majirani zake wote kukaa sawa.

Kisha nyuzi za kingo zikaanza kufumuka. Hapa ujue kitambaa chako kabla ya kufanya lolote. Choma uzi mmoja kwa kiberiti. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hicho ni cha poliesta: pitisha ukingo karibu na mwali wa mshumaa, upesi, nao utajifunga wenyewe. Ukiungua na kuacha majivu, hicho ni cha pamba, na mshumaa utakupotezea kisiwa. Cha pamba kipake ile gundi iliyochanganywa na maji, kiache kikauke, ndipo ukate. Mashati ya fundi yalikuwa ya aina zote mbili kwenye mfuko mmoja, kwa hiyo tulipima kipande kimojakimoja.

Ramani haikunjwi tena. Inaviringishwa kwenye mwanzi.

16 Machi 2024. Kuingilia katikati

Leo tumesoma sura ya kwanza. Kabla ya hapo ilibidi kuwapa vijana vitabu viwili wasivyovisoma, na namna ya kwanza haikufaulu. Niliandika muhtasari wa ukurasa mmoja, Kifaransa kizuri, majina yote ndani. Waliusikiliza kama matangazo ya misa. Wiki iliyofuata nikaiacha karatasi nyumbani, nikatandaza ramani sakafuni na kusimulia huku kidole kikitembea: hapa Gont alizaliwa Ged, mchunga mbuzi, hapa Roke, shuleni, kwa majivuno yake alifungua mlango na kivuli kikatoka, huku mashariki, zaidi ya visiwa vya mwisho, ndiko alikokikabili. Hapo walikuwa wamepiga magoti kuzunguka kitambaa na mmoja alikuwa ameshakanyaga Havnor.

Kitabu cha pili hakikunihitaji mimi. Binti mmoja wa Panzi ambaye alikuwa amenisikia nikikieleza siku nyingine alikichukua, akakisimulia kutoka upande wa Tenar: mtoto wa miaka mitano anayechukuliwa kutoka kwa wazazi, anavuliwa hata jina lake, anakabidhiwa makaburi yenye giza awe kuhani wake. Ged katika usimulizi huo alikuwa mwizi aliyepotea kwenye handaki la watu na kusaidiwa na msichana. Sijui kama Le Guin angelalamika.

Jambo jingine la kuiga: kabla ya kusoma, waambie wachore mchawi. Karibu wote walinichorea mzee wa kizungu mwenye ndevu nyeupe na kofia ndefu. Kisha tukasoma pale Arren anapomwona Ged kwa mara ya kwanza, uso wa weusi wenye wekundu, pua ya kipanga, shavu moja na makovu ya zamani. Ukimya kidogo, halafu vifutio vikaanza kazi. Watu wa visiwa hivi karibu wote ni wa kahawia au weusi. Weupe ni Wakargi wa mashariki, ambao katika kitabu cha kwanza wanakuja Gont kuchoma vijiji. Le Guin alifanya hivyo kwa makusudi, na mwaka 2004, televisheni ya Marekani ilipomfanya Ged kuwa mzungu, alipinga kwa maandishi hadharani. Watu wetu wa ramani sasa wanakatwa kwenye kitambaa cha kaki na kahawia.

27 Aprili 2024. Mvua, mgongo wa kitabu, na Lorbanery

Mvua ikipiga mabati hakuna sauti ya binadamu inayoshindana nayo. Tulianza saa nane mchana, na mara nyingi saa tisa tulikuwa tunatazamana tu. Tumehamia saa nne na nusu asubuhi, watu wakishatoka salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Wanafika na matope ya mitaro miguuni, lakini wanasikia.

Kitabu chenyewe kilipasuka mgongo kwenye sura ya Hort Town, kurasa zikaanza kutoka mafungu mafungu. Gundi ya haraka, ile ya kichupa kidogo, usiiguse: ilishika kwa dakika moja, ikawa kama kioo, na kitabu kilipofunguliwa tena ikavunjika pamoja na vipande vya karatasi. Tulikwangua mabaki kwa wembe, tukapanga kurasa, tukazibana kati ya mbao mbili, tukapaka mgongo gundi nyeupe bila maji, tukabandika kipande cha bendeji ya hospitali, tukapaka tena. Usiku mzima chini ya matofali. Sasa kinafunguka vizuri kuliko kilivyofika.

Majina ya visiwa tuliyaandika kwa kalamu ya rangi ya watoto, unyevu ukayafanya yachuruzike. Tumeyarudia kwa kalamu ya wino usiofutika, franka 2,000.

Lookfar, mashua ya Ged, ni ya mbao ya kreti, urefu wa kidole. Vijana wameichonga vizuri na kuichora macho pande zote mbili za omo, maana kitabu cha kwanza kinasema mvuvi aliyempa Ged mashua hiyo alimwomba aichoree macho. Kijana mmoja ambaye mjomba wake anavua sambaza, wale samaki wadogo, haikubali hata hivyo. Ziwani Kivu mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu ndipo watu wanatoka usiku na taa, na hao wanatoka hapo tu. Watu wawili kwenye mashua moja, bahari isiyo na mwisho? Akaambiwa mmoja wao ni mchawi mkuu wa dunia. Akasema ndiyo maana, wachawi hawalipi mashua.

Sura ya Lorbanery imekwenda vizuri kuliko zote hadi sasa. Ni kisiwa cha hariri, na uchawi wa kutia rangi umewatoka wenyewe. Kazi imekuwa mbovu, kila mmoja anamlaumu jirani. Wizi wa maarifa ndio ugonjwa wa kitabu hiki: mahali pengi watu wanasahau walichokijua vizuri, na hawakubali kwamba wamesahau. Hapo vijana hawakuhitaji maelezo yangu. Walianza kutaja mafundi.

1 Juni 2024. Selidor

Kwa ufupi. Njia ya Lookfar tuliionyesha kwa uzi mwekundu: Roke, Hort Town, Lorbanery, Obehol ambako Ged anachomwa mkuki, kisha bahari tupu ya kusini wanakoishi watu wa majahazi ya magogo, halafu Selidor, magharibi kabisa, kwa majoka. Pini za ushonaji zilipata kutu na kuacha matundu yenye duara la kahawia. Tumezitoa, tumeweka skrachi, ile tepe ya kunasa kwenye viatu vya watoto: kipande chini ya mashua, vipande vidogo kwenye vituo. Franka 1,500, nayo inashika hata ramani ikitikiswa.

Wale watu wa majahazi waliwavutia kuliko majoka. Hawakanyagi nchi ila mara moja kwa mwaka. Ramani haina kisiwa cha kuwawekea, basi tukawashonea kipande kisicho na jina, kinachohamishika.

15 Juni 2024. Nchi Kavu

Asiyetaka kujua mwisho aruke sehemu hii.

Tumemaliza. Wa mwaka wa sita wamebanwa na mtihani wa taifa, lakini walikuja hata hao.

Sura ya kumi na mbili inapita ukuta mfupi wa mawe, ambao mtu angeweza kuuruka, na upande wa pili ni Nchi Kavu, kwa waliokufa. Kuna miji, kuna mitaa, kuna masoko ambamo hakuna anayeuza. Hakuna maumivu huko, wala furaha. Mama na mtoto waliokufa pamoja wako pamoja, lakini mtoto hakimbii wala halii, na mama hamtazami. Waliokufa kwa ajili ya kupendana wanapishana njiani.

Msomaji wa siku hiyo alisimama hapo, na binti wa Panzi, yule wa Tenar, akasema: "Mama asimtazame mtoto wake? Huyu mwandishi hakuzika mtu."

Kusoma kulisimama. Kila mtu mle ndani amezika. Mmoja alisema wafu wetu wanatujua, ndiyo maana tunawataja; kwao, huko Walungu, wazee wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, wanawamwagia kidogo chini. Mwingine, wa familia ya walokole, alisema mbinguni watu watatambuana, na kitabu hiki ni cha wapagani. Wa Bagira akamtetea Ged: mchawi Cob alifungua tundu kati ya nchi mbili ili asife, na kwa tamaa yake uhai wote unavuja hapo kama maji, bora kufa vizuri kuliko kuishi hivyo. Hilo walikubaliana wote. Nchi yenyewe ndiyo waliyoikataa.

Nilikuwa na jibu, na sikulitoa mpaka tulipomaliza kitabu, Arren akiwa amemburuta Ged kuvuka milima ya Maumivu, Ged akiwa ameutumia uwezo wake wote kuliziba lile tundu. Kisha nikawaeleza *The Other Wind*. Miaka 29 baada ya kitabu hiki, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, Le Guin alirudi kwenye ukuta uleule. Fundi mmoja wa kurekebisha vyombo vilivyovunjika, Alder, anaota kila usiku mkewe aliyekufa akimwita kutoka upande wa pili, na wafu wengine wanakuja kuyang'oa mawe. Inagundulika kwamba Nchi Kavu haikuwa hali ya asili ya kufa: ni mahali palipotokana na tamaa ya watu wa kale walioshika wasichostahili kushika. Ukuta unabomolewa, na wafu wanaachiliwa.

"Kwa hiyo alikubali," binti akasema.

Mimi nadhani ndiyo. Kitabu kilichompa tuzo yake ya taifa alikiacha kikosolewe na kitabu chake mwenyewe, ndani ya mfululizo uleule, bila kukifuta. Ndiyo sababu sijuti kuwaingiza kwa kitabu cha tatu. Wangeanza na cha kwanza wangefika hapa wamemwamini sana mwandishi. Hawa walifika na ubishi wao kamili, na ubishi wao ukakuta vitabu vinavyofuata vinawangoja.

20 Julai 2024. Hesabu na hatua inayofuata

Ramani iliyofaulu: kitambaa cha buluu dola 6, gundi nyeupe dola 2. Kwa franka: mianzi 4,000, pindo 3,000, kalamu 2,000, skrachi 1,500, bendeji 1,000, sukari ya mama fundi 3,500, jumla franka 15,000. Yote pamoja ni kama dola 13 na nusu. Iliyokufa ilikula 17.

Watu waliniomba nirekodi usomaji niutume kwenye WhatsApp. Sitafanya hivyo, kwa sababu ileile ya fotokopi. Anayetaka miraba na vipimo nitampa, violezo vya karatasi ya saruji vipo vyote kwenye bahasha.

Ramani imekwenda Bagira, wanaanza Septemba. Sisi tunataka *Tehanu*, iliyopata tuzo ya Nebula, na binti wa Panzi anaitaka kuliko sote kwa kuwa Tenar amerudi humo, mjane, mwenye shamba. Hadithi nzima iko Gont, kwa hiyo bahari haituhusu tena: tunahitaji kisiwa kimoja kikubwa, mlima wake, Re Albi juu ya jabali, bandari chini, na Bonde la Kati lenye shamba la Tenar. Mteremko hauonekani kwenye kitambaa kilicholala bapa. Tumejaribu kujaza vipande vya godoro chini ya kitambaa cha kaki. Mlima unasimama vizuri, lakini haviringiki kwenye mwanzi. Fundi amesema tuulete mlima wenyewe na kifungo, aushone utoke na kurudi.